Neno Linalosemwa Kabla ya Kikao

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, madiwani, watendaji wa vijiji na wananchi waliokutana Mtwara Mjini. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani, viongozi wa vyama vya msingi mliotoka Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi, ndugu zetu wa Lindi mliopita Mnazi Mmoja kukiwa bado giza, wazee wangu, mama zangu na vijana wote: itifaki imezingatiwa. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie ushawishi, yaani jinsi maamuzi ya serikali yanavyosukumwa na watu ambao majina yao hayaonekani katika muhtasari wa kikao chochote. Nilifanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri mpaka nilipostaafu, na mengi ya haya niliyaona nikiwa ndani ya ofisi.

Naomba niseme tangu mwanzo ninachoamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujiandaa kwa maswali. Kushawishi serikali si kosa. Mama anayemfuata diwani wake kumweleza kwamba zahanati haina mkunga anashawishi. Chama cha msingi kinachoandika barua wilayani kuomba maghala yafunguliwe mapema kinashawishi. Kosa linaanza pale ambapo neno lililogeuza uamuzi linakosa mwenyewe, kwa kuwa halikuandikwa, halikusainiwa na halina tarehe. Na sisi watu wa Kusini, kwa maoni yangu, hatukupata hasara kwa kukosa watu wa kutusemea. Tumepata hasara kwa kusema kwa sauti kubwa baada ya uamuzi kufanyika, ilhali wenzetu walikwisha kusema kwa sauti ndogo kabla yake.

Ndugu zangu, uamuzi wa serikali unazaliwa wapi? Wengi mtanijibu: bungeni, au kwenye baraza la madiwani, au mezani kwa waziri. Mimi nawaambia kwamba mara nyingi unazaliwa katika karatasi inayoitwa dokezo. Ofisa wa chini anapopewa jambo alishughulikie, anafungua jalada, anachunguza, kisha anaandika dokezo kwa mkuu wake akieleza hali ilivyo, sheria inasemaje, na yeye mwenyewe anashauri nini. Mkuu anasoma na kuandika pembeni kwamba anakubali, au kwamba hakubali na sababu zake. Jalada linarudi masijala likiwa na kurasa zenye namba, ili miaka kumi baadaye mkaguzi aweze kufuata fikra za kila mtu hatua kwa hatua. Huu ni utaratibu mzuri, na sijapata kuudharau hata siku moja.

Lakini lipo jibu la tatu ambalo wakuu huliandika pembeni ya dokezo. Wanaandika: "Tuonane."

Katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, palikuwa na suala la eneo la soko. Ofisa mmoja kijana aliandika dokezo la kurasa tatu, akishauri vizimba wapewe wafanyabiashara wadogo waliokuwa pale kwa miaka mingi, kwa sababu walikuwa wakilipa ushuru bila kusumbua na baraza lilikwisha kuwaahidi. Jalada likarudi na neno hilo moja. Akaenda. Mkuu wake hakumtisha wala hakumpa bahasha. Alimwagizia chai, akamuuliza habari za mwanawe aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, kisha akamwambia kwamba amepigiwa simu, kwamba yupo ndugu mmoja mwenye nia ya kuliendeleza eneo lote kwa mkupuo, na kwamba huko juu wangefurahi jambo hilo likitazamwa kwa upole. Halafu akamalizia: "Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu. Kaandike unavyoona."

Mmesikia maneno hayo? Kaandike unavyoona.

Kijana akarudi mezani kwake akaona alichotakiwa kuona. Dokezo jipya likashauri eneo lote apewe mwekezaji mmoja, na lile la kwanza likaondolewa jaladani. Alipokuja mkaguzi alikuta ushauri wa kitaalamu wa ofisa, sahihi ya ofisa na tarehe ya ofisa. Simu haikuwamo. Chai haikuwamo. Huko juu hakukuwamo. Barua ya kutakiwa kujieleza aliandikiwa nani? Aliandikiwa kijana yule yule, na mkuu wake, ambaye wakati huo alikwisha kuhamia mkoa mwingine kwa cheo kikubwa zaidi, hakuulizwa hata swali moja.

Nawauliza tena: katika jambo lile, nani aliamua?

Nilikuwa na mwenzangu wa idara nyingine ambaye alikuwa na dawa yake. Kila alipoitwa kwa maneno ya mdomo, akitoka tu aliandika dokezo fupi: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo, umeelekeza kwamba..." Akalipeleka kwa mkuu ili alisaini. Wakuu wengi, wakiliona lile dokezo, walifuta agizo lao palepale. Sitawadanganya kwamba alipandishwa cheo kwa ajili hiyo. Alihamishwa mara kadhaa, na vituo vyenyewe mnavijua, vile ambavyo gari hufika kiangazi tu. Lakini hakuna siku aliyoitwa kujibu kosa la mtu mwingine.

Msidhani kwamba mambo haya yanaishia halmashauri. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgao nchi nzima, na serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati. Mwishoni mwa 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 taarifa yake ikasomwa. Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu huku akilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa, na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakaachia nafasi zao. Sikuja kumhukumu mtu, na Mzee Lowassa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ninachotaka mkitazame ni kwamba kamati ile ilikuwa na mamlaka ya kudai nyaraka na kuwahoji watu, na kila kilichosemwa ukumbini kikaingia katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ambayo mjukuu wako anaweza kuisoma. Ni wapi katika wilaya zetu tunapata nafasi kama hiyo? Katika suala la soko nililowaeleza, hapakuwa na kamati teule wala Hansard.

Waheshimiwa Madiwani, msiniudhikie kwa hili linalofuata. Mnajua, nami najua, kwamba kabla ya baraza la madiwani hufanyika kikao cha madiwani wa chama, nyuma ya mlango uliofungwa, na kwamba hoja nyingi huingia ukumbini zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Chama kina haki ya kuwakutanisha watu wake. Lakini mwananchi aliyekaa kwenye viti vya nyuma siku ya baraza, kwa sababu sheria inamruhusu kuhudhuria, anaona mikono ikinyooshwa tu. Hajui ni nani aliyewatembelea madiwani usiku uliotangulia, wala ni nani aliyelipia chakula.

Na kwa kuwa nimetaja chakula, niseme kidogo juu ya takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kuwakirimu wapiga kura kwa mujibu wa mila, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilimpa mgombea tajiri nafasi ambayo mgombea maskini hana. Sisi wa pwani tunajua ukarimu ni nini, na hatukuhitaji mahakama itufundishe. Mgeni akija unampa ulicho nacho, na hudai kitu. Anayewaletea jezi timu ya vijana wiki moja kabla ya zabuni kufunguliwa, huyo anadai. Tusichelewe hapo.

Sasa nije nyumbani kabisa. Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, hapa kwetu, mwaka 1982. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kwa maelfu wakisema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar es Salaam. Januari na Mei 2013 hali ikawa mbaya kuliko maandamano: mali ziliteketezwa, jeshi likaletwa, na watu walipoteza maisha. Humu ndani wamo waliofiwa. Siwezi kulitaja jambo hilo kama mfano tu wa hotuba, na kwa hiyo nitakalosema nalisema kwa heshima yao.

Tutazame tarehe. Jiwe la msingi la bomba la kwenda Dar es Salaam liliwekwa Novemba 2012, mwezi mmoja kabla ya maandamano ya kwanza. Kabla ya jiwe kulikuwa na mkopo kutoka China. Kabla ya mkopo kulikuwa na upembuzi yakinifu. Kabla ya upembuzi kulikuwa na watu wachache waliokaa katika chumba fulani wakaona kwamba gesi ya Kusini itazalisha umeme Kinyerezi. Walipokaa chumbani humo, sisi tulikuwa wapi? Nani alikuwa na barua yetu mkononi? Oktoba 2015 bomba lilizinduliwa, zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba, kama lilivyopangwa. Sisemi kwamba waandamanaji walikosea kudai maelezo, kwa sababu mtu asiyeambiwa lolote atauliza kwa njia aliyo nayo. Nasema kwamba walikuta saa imekwisha kupita, na hakuna aliyewahi kuwaambia saa yenyewe ilikuwa lini.

Nyinyi ni wakulima wa korosho. Yuko nani humu anayesubiri ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umalize maua yote, halafu ndipo apulize salfa?

Hayupo. Basi mbona kwa mambo ya serikali tunafanya hivyo kila mwaka?

Tazameni tena Julai 2015. Miswada mitatu mizito ya mafuta, gesi na uwazi katika rasilimali ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura, wabunge wa upinzani wakapinga haraka hiyo, baadhi yao wakafukuzwa vikaoni, na miswada ikapita. Kampuni kubwa za gesi zina wanasheria wanaosoma kila rasimu tangu ikiwa wizarani. Wavuvi wa Msimbati, jirani na gesi ya Mnazi Bay, hawakuwa na mwanasheria hata mmoja.

Tazameni Juni 2018. Kwa sheria iliyokuwapo, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kuliendeleza zao, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka ule ukaja kusema fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kuupinga, jambo ambalo si la kila siku. Walisema vizuri, kwa uchungu na kwa hesabu. Muswada ukapita. Msimu uliofuata wakulima waligomea bei za mnadani, na Novemba 2018 serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzibeba. Mengine yaliyotokea kwenye malipo mnayakumbuka kuliko mimi.

Wabunge wale hawakukosa ushujaa. Walikosa muda. Bajeti inayosomwa Juni huanza kupikwa mwaka uliotangulia. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa mapema, na Wizara ya Fedha hutangaza hadharani kwamba inapokea maoni ya wadau kuhusu kodi, tozo na ushuru. Vyama vya wafanyabiashara wakubwa vina watu wa kuajiriwa, pale Dar es Salaam, ambao kazi yao ni kujibu tangazo hilo. Katika miaka yote niliyokaa mipango sikuona nakala ya barua hata moja ya chama cha msingi cha korosho iliyotumwa kulijibu. Hata moja.

Niwaeleze jinsi kazi hiyo inavyofanywa na wanaoijua, kwa sababu watu wengi wakisikia ushawishi wanawaza bahasha ya kaki tu. Bahasha zipo, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana kazi yao. Lakini mtu hodari kuliko wote niliowahi kumwona katika shughuli hiyo hakutoa hata soda. Alikuwa mwakilishi wa wanunuzi fulani. Alifika ofisini akiwa na karatasi mbili zilizochapwa vizuri. Ya kwanza ilikuwa na takwimu za misimu mitano, ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo katika mpangilio safi namna ile. Ya pili ilikuwa na aya moja, iliyoandikwa kwa lugha ya kiserikali hasa, yenye "inapendekezwa kwamba" na kila kitu. Ofisa aliyempokea alikuwa na taarifa tatu za kumaliza kabla ya Ijumaa. Wiki iliyofuata niliisoma aya ile, neno kwa neno, katika taarifa iliyokuwa ikipelekwa mkoani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ofisa aliyechoka alirahisishiwa kazi, na mkulima, ambaye hakuja na karatasi yoyote, hakuwamo katika taarifa. Hadi leo namwonea wivu yule bwana kwa ustadi wake, na ningependa vyama vyetu vimuige.

Wako pia wanaouza simu zao. Hawa ni sisi wastaafu. Mtu akitoka serikalini, mali kubwa aliyo nayo ni namba za watu aliowalea kazini, ambao bado wanamwita mzee na hawawezi kumkatia simu. Mimi nami nimetafutwa, nikaahidiwa cheo cha mshauri ambacho hakikuwa na kazi yoyote ila kumpigia mtu mmoja mara moja. Marekani wana sheria ya mwaka 1995 inayowataka wanaolipwa kushawishi wajiandikishe na kutoa taarifa za wateja wao, na Uingereza wana daftari la namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2014. Sisi hatuna daftari kama hilo. Tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi, madiwani wakiwamo, kutamka mali zao kila mwaka, na tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo inaitambua biashara ya kuuza ushawishi kuwa ni kosa. Lakini kesi ya simu ya mstaafu itathibitishwa kwa nini, ikiwa ofisa aliyeipokea hakuandika lolote? Binafsi sitaraji daftari la Dodoma litusaidie sana huku. Natarajia zaidi ofisa anayeandika "kufuatia mazungumzo yetu ya leo", na mwananchi anayekwenda kuomba kuliona dokezo hilo.

Kuomba huko kuna sheria yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ina mipaka yake, na ofisa mjanja anaijua mipaka hiyo kuliko haki yenyewe. Hata hivyo ombi lililoandikwa lina nguvu ambayo lawama za kijiweni hazina, kwa sababu likishapokelewa linaingia jaladani, na kikishaingia kitu jaladani mtu atatakiwa kukijibu. Ukiambiwa "njoo kesho", acha barua. Ukiambiwa "mkubwa hayupo", acha barua. Ukiambiwa "tumekuelewa mzee, hakuna haja ya kuandika", hapo ndipo uandike barua ndefu zaidi.

Kwa vijiji vyenu, mkutano mkuu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mgawo wa pembejeo za ruzuku ukiwa na majina ya watu wasio na mkorosho hata mmoja, ulizeni mkutanoni orodha ilipitishwa na nani na lini, kisha mhakikishe swali na jibu vimeandikwa katika muhtasari kabla hamjanyanyuka kwenye mikeka.

Katibu amechapa barua ya mfano ya kuwasilisha maoni ya vyama vya msingi Wizara ya Fedha kwa ajili ya bajeti ijayo, pamoja na fomu ya kuombea taarifa. Tumeacha nafasi wazi kwa takwimu za kila chama, maana hizo hazitajazwa na mtu mwingine. Kila chama kichukue nakala mbili: moja ya kutuma, na moja ya kugongewa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ambayo itabaki kwenu. Asiyepata mhuri asiondoke kaunta.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako nipokee maswali, na tuanze na yule mzee wa Nanyamba, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja wastaafu.